Ushirazi ni kabila, nasaba au cheo? Watu wa pwani njooni mtueleze mnajiitaje na kwa nini

#1 Pweza Mkavu
Wakuu salaam. Leo natupa jiwe gizani.

Nadai hivi: Ushirazi, yaani kudai asili ya Shiraz kule Uajemi, si kabila wala si rangi. Ni cheo. Watu wa visiwani na mwambao walijivika ulipokuwa na faida, wakauvua ulipoanza kuleta balaa. Ushahidi wangu ni sensa za Waingereza kule Zanzibar. Mwaka 1924 waliojiandikisha kuwa Waswahili walizidi elfu thelathini. Sensa ya 1931, miaka saba tu mbele, wamebaki kama elfu mbili. Hakuna tauni iliyowafagia wala jahazi lililowahamisha. Vijiji ni vilevile, watu ni walewale, karani kawauliza asili yao wakatoa jibu jingine. Ukifika 1948, Washirazi peke yao ni zaidi ya nusu ya watu wote wa Unguja na Pemba.

Nisichoelewa ni vipi mtu abadilishe asili yake kama anayebadilisha kanzu. Wenye nasaba zenu njooni. Na asije mtu hapa kutufundisha neno "Swahili" limetoka lugha gani, hilo tulimalizana nalo darasa la nne.

#2 Mtu wa Kusini
Shusha mori kwanza. Wengi waliolitoka jina la Mswahili 1931 walijitaja kwa majina yaliyokuwapo siku zote: Mhadimu, Mtumbatu, Mpemba. Ushirazi ukaja baadaye kuwafunika wote watatu. Si kwamba waliamka asubuhi wakajibatiza.

Halafu nenda Kizimkazi Dimbani. Kuna msikiti unaonasibishwa na Washirazi wa kale, kwenye kibla chake kuna maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Cheo gani hicho kinachosubiri miaka mia nane ndipo kilete faida?

#3 Bara Hoyee
Mie mtu wa bara naomba kueleweshwa taratibu. Huku kwetu "Mswahili" ni mtu wa maneno mengi na ahadi za kesho. Jirani yangu Msukuma akikopa asirudishe tunasema huyu naye kawa Mswahili. Kumbe kuna watu wameandikiwa hivyo kwenye vyeti?

#4 Nyanya wa Mvita
Bara Hoyee mjukuu wangu, keti hapa. Sisi Mombasa tuna Thenashara Taifa. Kuna Tatu Taifa, ambao ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na kuna Tisa Taifa, wakiwamo Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa, Wapate na wenzao. Ukiniuliza mimi nani, nakujibu kwa taifa langu. Mswahili ni jina la jumla, hilo nampa mgeni asiyejua kuuliza zaidi.

Marehemu babangu akisimama mbele ya mzungu alikuwa Mwarabu. Akirudi barazani ni Mtangana. Wala hakuwa akimdanganya mtu, huku wala huku.

#5 Pweza Mkavu
Shikamoo Nyanya. Lakini hebu niambie, mbona mbele ya mzungu asiseme Mtangana? Hapo ndipo hoja yangu ilipolala usingizi mnono.

#6 Karani Mstaafu
Nimjibie Nyanya. Kenya ya mkoloni iligawa watu mafungu mawili makubwa kisheria: mwenyeji na asiye mwenyeji. Mswahili alitiwa kwa wenyeji. Mwarabu akawekwa upande wa pili. Sasa tazama uzito wake. Mwenyeji alilipa kodi ya kibanda, na baada ya Vita vya Kwanza mwanamume wa fungu hilo akalazimishwa kubeba kipande, ile karatasi ya alama za vidole iliyotiwa kwenye kikopo cha bati na kuning'inizwa shingoni. Mwarabu hakuvaa kikopo. Basi ndugu wawili wa baba mmoja, huyu kaandikwa hivi na yule vile, mmoja anapita njia na mwingine anasimamishwa na askari.

Kisha Waarabu wakapewa haki ya kuchagua mjumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Thenashara Taifa wakaachwa nje, wakahangaika miaka na miaka kwa barua na mawakili ili wahesabiwe ndani.

Visiwani nako ukaja mgao wa chakula wakati wa Vita vya Pili, nao ukafuata asili ya mtu. Waarabu na Wahindi walihesabiwa kuwa walaji wa mchele, Mwafrika akasukumiwa mahindi. Mtu kazaliwa Ng'ambo, ule mtaa wa mjini Unguja, kala wali tangu ang'oe meno ya utoto, anafika dirishani anaulizwa kabila. Mngetaka ajibuje?

#7 Bara Hoyee
Kwa wali? Mie ningekuwa Mwarabu asubuhi, Mhindi mchana na Mgiriki jioni.

#8 Jiwe la Matumbawe
Mnacheka, lakini hoja ya Karani inawageuza wazee wetu wote kuwa matapeli wa foleni. Mbona hamsemi kuhusu habari za Kilwa? Zinasimulia Ali bin Hassan, mtoto wa sultani wa Shiraz, alivyokuja na kukinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Mwenyeji aliyekiuza alipotaka kurudi akakuta mlango wa bahari uliokuwa ukikauka maji yakitoka umechimbwa, hapiti tena. Mreno Barros aliichapisha habari hiyo mwaka 1552. Niambieni mwaka huo kulikuwa na mgao gani. Kipande kipi? Watu walijiita kizazi cha Shirazi kabla Mwingereza hajaijua njia ya kuja huku.

#9 Pweza Mkavu
Jiwe, hadithi ya mtoto wa mfalme kutoka ng'ambo iko kila ufalme duniani. Watawala wa Kilwa walikuwa na sababu zao za kujitafutia babu wa mbali mwenye taji. Umenitetea bila kujua: ilikuwa cheo hata wakati huo.

#10 Msomi wa Usiku
Kabla hamjatoana macho, kuna ushahidi mwingine wa kuangalia. Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya 1250 na 1800, wengi wao mwambaoni, sehemu kama Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Upande wa mama, karibu wote ni Waafrika. Upande wa baba, sehemu kubwa ni Asia, na hiyo Asia kwa wingi ni Uajemi, kukiwa na kiasi kidogo cha Uhindi. Kuchanganyika huko kulianza kama mwaka 1000. Damu ya Arabuni iliongezeka baadaye, baada ya 1500.

Kwa hiyo babu Mwajemi hakutungwa. Alikuwapo, akaoa, akazikwa. Na watoto wakakua wanasema lugha ya mama.

#11 Mtu wa Kusini
Allahu akbar! Pweza uko wapi?

#12 Pweza Mkavu
Nipo, natafuna karanga. Swali langu kwa Msomi: hayo makaburi ni ya nani? Anayezikwa kwenye kaburi la mawe katikati ya mji, kando ya msikiti, ni mwenye nacho. Umempima mvuvi wa Nungwi aliyejiandikisha Mshirazi 1948? Kuwapo kwa Waajemi Mtwapa mwaka 1300 hakuthibitishi kwamba watu laki na zaidi wa visiwani ni vitukuu vyao.

#13 Msomi wa Usiku
Hilo nalikubali kwa nusu. Makaburi mengi yaliyochimbwa ni ya watu wa tabaka la juu, nao watafiti wenyewe wanalitaja. Lakini wewe pia huna kipimo cha mvuvi wako. Sote wawili tunabashiri, tofauti yetu mie nina mifupa.

#14 Bi Kirembwe
Nimesoma toka juu hadi hapa na nina mawili ya kusema.

La kwanza, mama zetu karibu wote Waafrika, baba Mwajemi, mtoto anaitwa Mshirazi. Wanaume mmelipita hilo kama mnapita kituo cha basi. Kwetu nasaba hufuata kwa baba, na ndiyo maana mzungu alichanganyikiwa. Sayyid Barghash mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi, na hakuna aliyemwita Barghash Mhabeshi. Tippu Tip wazungu waliomwona walimwandika kuwa ni mtu mweusi wa sura, lakini baba yake Mmurjebi, babu yake Mmurjebi, basi Mwarabu na maneno yakaisha. Mwingereza alikuja na jicho la rangi akidhani kila mtu analo. Mwenyeji alikuwa anauliza: wa nani huyu? Hayo ni maswali mawili tofauti, mkayaweka kwenye safu moja ya daftari ni lazima hesabu zirukeruke.

La pili ndilo mnalolizunguka. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar 1897, pwani ya Kenya 1907, Tanganyika 1922. Hao elfu thelathini na ushee wa 1924, wangapi kati yao walizaliwa na watu walioletwa kutoka Nyasa, Uyao, Manyema? Kujiita Mswahili kulikuwa ni kusema mimi ni mtu wa hapa, si wa mtu. Kisha jina lenyewe likaanza kunuka, kwa kuwa mji mzima ulijua ni nani analikimbilia. Watoto wao wakatafuta jina jingine lisilo na harufu hiyo.

Bibi mzaa mama yangu alijiita Mhadimu mpaka alipofariki. Kwenye hitima yake kikongwe mmoja wa mtaa akamlilia kwa jina ambalo hatujawahi kulisikia, jina la Kiyao. Wajomba wakamtoa nje kwa upole wakamkalisha chini ya mwembe. Mpaka leo nikiuliza naambiwa niache kuchimba visivyonihusu. Sasa Pweza, hiyo nayo ni faida ya foleni?

#15 Pweza Mkavu
Hapo umenigusa dada. Ila ukitazama vizuri, kukwepa aibu nayo ni faida. Sijasema faida lazima iwe mchele.

#16 Jiwe la Matumbawe
Faida yako imekuwa mpira wa kunyumbuka. Kila tukikupa sababu unaimeza unasema nayo ni faida. Hoja isiyoweza kushindwa si hoja hiyo.

#17 Bi Kirembwe
Asante Jiwe. Na nikuongezee Pweza, usisahau posa. Watu walishika nasaba kwa sababu ya kufu, nani amwoe nani. Shangazi yangu alirudishiwa wachumba kwa habari ya babu wa nne kwenda juu. Serikali haikuwa na mkono hapo, hakuna daftari wala karani. Wakinamama wa mtaa ndio waliokuwa na sensa yao kichwani, na ile haibadiliki kila miaka kumi.

#18 Baharia wa Leicester
Nawasoma kutoka Uingereza. Huku sensa ya England na Wales iliongeza kisanduku cha Mwarabu mwaka 2011. Kabla ya hapo, 2001, mimi na kaka yangu wa tumbo moja wote tulitia alama kwenye Mwafrika mweusi. Kisanduku kipya kilipokuja kaka akahamia Uarabu. Mie nikaenda kule chini kabisa kwenye nafasi ya kuandika kwa mkono, nikaandika Mswahili. Mke wangu, ambaye mama yake ni Mwairishi, yeye na watoto wako kwenye mchanganyiko. Meza moja, sufuria moja, mafungu matatu.

Na hakuna aliyepata kilo hata moja ya mchele. Kwa hiyo Pweza nakupinga: kaka hakupata kitu kwa kuhama. Aliniambia tu kwamba huku akisema Mwafrika watu wanamwona mtu mwingine kichwani mwao, si yeye. Nami nikisema Mwarabu najiona nimevaa viatu vya marehemu ami.

Kichekesho ni binamu zetu waliokimbilia Muscat baada ya 1964. Walikimbia kwa kuwa ni Waarabu. Kufika kule wenyeji wanawaita Zinjibari.

#19 Mpemba Halisi
Baharia umesema kweli. Mie nilikaa Muscat. Kazini unasikia mtu anaitwa Zinjibari, na babu yake alizaliwa Nizwa.

#20 Siasa za Zamani
Mnasahau vyama. Ushirazi ulipata nguvu kwa sababu ya siasa. Jumuiya ya Washirazi ilianza Pemba mwishoni mwa miaka ya 1930, kukawa na ya Waafrika mjini, na mwaka 1957 zikaungana ikazaliwa ASP, yaani Afro-Shirazi Party. Washirazi wote wakawa nyuma ya Karume, na hapo Mwafrika na Mshirazi wakawa kitu kimoja dhidi ya Mwarabu. Jina liliundwa na kampeni.

#21 Mpemba Halisi
Siasa, sikubali hata robo. Kwanza iliyoundwa Februari 1957 iliitwa Afro-Shirazi Union, uchama umekuja baadaye. Pili, hiyo "wote" umeitoa wapi? Pemba walisita tangu mwanzo. Disemba 1959 kundi la Washirazi likajitenga likaunda chama cha ZPPP chini ya Mohammed Shamte, wakaja wakaungana na Hizbu, yaani ZNP, na Shamte, Mshirazi, ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu bendera ya uhuru ilipopanda Disemba 1963. Na hiyo Hizbu mnayoiita chama cha Waarabu ilianzia kwa wakulima wa Kiembesamaki.

Kwa hiyo jina ni moja, Mshirazi wa Unguja kaenda huku na Mshirazi wa Pemba kaenda kule. Kama jina liliundwa na kampeni, ilikuwa kampeni ya nani?

#22 Siasa za Zamani
Tarehe nimezipokea. Ila utakubali kuwa baada ya Januari 1964 hesabu ilipinduka. Waarabu wengi waliuawa au walikimbia, mashamba yakataifishwa na kugawiwa eka tatu tatu. Yule aliyekuwa Mwarabu wa dirisha la mchele akaanza kutafuta bibi Mnyamwezi wa kumtaja.

#23 Mpemba Halisi
Hilo siwezi kukubishia.

#24 Karata ya Moroni
Sisi Wangazija wa Zanzibar, wenye asili ya Komoro, tuna kisa chetu na hakijaguswa. Wazee wetu enzi za Mwingereza walishikilia kwamba wao si wenyeji. Wametoka visiwa vilivyo chini ya Ufaransa, hivyo wasitiwe fungu moja na Waafrika wa mjini. Waliandika barua, wakabishana wao kwa wao, jumuiya ikapasuka juu ya suala hilohilo. Mwaka 1968 Serikali ya Mapinduzi ikawaambia haya, basi nyinyi si raia. Watu waliozaliwa Malindi na Vikokotoni wakajikuta wageni.

Babu yangu alifanya kazi ya meli. Alikuwa akituambia jina ulilolipigania ujana ndilo litakalokufukuza uzeeni. Hakuwa mtu wa kucheka.

#25 Ngamia Mweupe
Kutoka Kenya kaskazini mashariki, nina kisa cha kumvunja nguvu Pweza. Wasomali Waisahakia miaka ya 1930 walidai wahesabiwe Waasia. Sheria ya kodi iliwapangia walipe kidogo kuliko Wahindi. Unajua walifanya nini? Walikataa nafuu. Wakadai walipe kodi KUBWA, ileile ya Waasia. Waliandikiana na serikali mpaka London.

Sasa faida iko wapi hapo? Mtu anagombana ili atozwe zaidi.

#26 Pweza Mkavu
Walinunua daraja, Ngamia. Kodi ilikuwa bei ya tiketi. Ukilipa kama Mwasia, unadai matibabu ya Mwasia, gereza la Mwasia, makazi ya Mwasia. Hesabu nzuri sana ile.

#27 Ngamia Mweupe
Au waliamini kweli kwamba wao ni kizazi cha Sheikh Isahaq kutoka Arabuni, na mtu akiamini nasaba yake hapunguzi bei. Wewe kila imani unaitafutia risiti.

#28 Mkenya Tu
Hodi. Huku Kenya sensa bado inauliza kabila. Mwaka 2009 watu zaidi ya laki sita walikataa kutaja, wakajibu "Mkenya", na wakaandikwa hivyo kwenye matokeo. Mimi nilikuwa mmoja. Mama Mtaita, baba Mgiriama, bibi mzaa baba Mswahili wa Takaungu. Karani, kijana mpole wa watu, aliniangalia akauliza tena kwa sauti ya chini kama anayeniuliza ugonjwa. Nikamwambia andika Mkenya. Akaandika, lakini aliondoka hakufurahi.

Na Pweza, ule mchezo wako wa 1924 haujaisha. Sensa ya 2009 Waswahili wa Kenya walikuwa laki moja na elfu kumi hivi. Ya 2019 ni kama elfu hamsini na sita. Nusu wameyeyuka tena, na safari hii hakuna Mwingereza wa kumsingizia.

#29 Nyanya wa Mvita
Hatujayeyuka mwanangu, tumo humu tunachapa kwenye simu. Wengine wamejibu Mbajuni, wengine Mwarabu, wengine wametaja taifa lao karani asijue alitie wapi. Vijana wa kwangu mmoja alisema Mmiji kwa kuchoka na maswali. Na kitambulisho nacho kina lake. Mwanangu wa pili alipokwenda kukichukua, afisa mmoja alimwambia Mswahili si kabila, alete cheti cha babu. Mwenzake wa shule Mkamba alitoka siku hiyohiyo. Basi aliyefuata nyuma yetu kwenye foleni, Mswahili vilevile, akataja kabila la mama yake, mambo yakamnyookea.

#30 Karani Mstaafu
Na Nyanya kagusa penyewe. Orodha ndiyo inayozaa kabila. Wamakonde wa Kenya walikaa miaka mingi bila uraia mpaka walipotambuliwa kuwa kabila la 43, kisha Julai 2017 Wakenya wa asili ya Kihindi wakatangazwa la 44. Wahindi! Wagujarati, Wagoa, Wapunjabi, Waismailia, wote kabila moja kwa tangazo la gazeti la serikali. Nenda kamwambie Mgoa na Mbohora kwamba wao ni ukoo.

#31 Bara Hoyee
Ndiyo maana Tanzania tuliachana na huo ujinga. Sensa haiulizi kabila wala rangi. Nyerere alimaliza.

#32 Karani Mstaafu
Sensa ya 1967 iliuliza kabila, Bara Hoyee, na Nyerere alikuwa Rais. Baada ya hapo ndipo swali likaondolewa.

#33 Siasa za Zamani
Na kabla ya hapo TANU yenyewe iliingia uchaguzi wa rangi. Kura tatu mnazijua? Kila mpiga kura alitakiwa achague watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. Wanachama wengi walitaka kususa. Mkutano wa Tabora Januari 1958 Nyerere akawashawishi waingie, Zuberi Mtemvu akatoka kwa hasira akaanzisha chama chake, ANC ya Tanganyika. Sheria ya mkoloni ilitaka rangi tatu, TANU ikawaunga mkono Wazungu na Wahindi waliokuwa upande wake na ikazoa viti.

Oktoba 1961 likaja suala la uraia bungeni. Wabunge kadhaa walitaka uraia ufuate rangi. Nyerere akasema likipita hilo, serikali yake inajiuzulu. Halikupita.

#34 Mtu wa Kusini
Hiyo ya bara nzuri, lakini kuondoa swali kwenye fomu hakujaliondoa mdomoni. Miji yenu bado ina Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Na anayeishi Uzunguni siku hizi ni Mchaga mwenye gari.

#35 Bara Hoyee
Wachaga wamefikaje humu jamani?

#36 Dada Mkuu wa Tanga
Naingia mara moja nitoke. Mie ndiye mnayemwita chotara, baba Mshihiri, mama Mdigo. Nikiwa Tanga mjini mie Mwarabu, hata nikikataa. Nikienda kwa mama Duga mie Mdigo, mjomba ananipa shamba. Nikifika Dar mie mtu wa Tanga. Mwanza wananiita Mpemba, na sijawahi kukanyaga Pemba. Sijabadilisha kitu chochote, hata mtandio ni uleule. Kwa hiyo swali la #1 mimi naliona limekaa kichwa chini: mnauliza kwa nini watu wanachagua jina, na mimi sikumbuki mara ya mwisho nilipoachiwa nichague.

#37 Baharia wa Leicester
Dada Mkuu hiyo nimeinakili namtumia kaka.

#38 Pweza Mkavu
Nakubali wengine hupachikwa. Lakini watu elfu thelathini kwa mpigo? Hao walichagua. Bado nangoja maelezo ya 1931 yasiyokuwa faida wala aibu.

#39 Mtu wa Kusini
Karani wa sensa ndiye aliyebadilika. Yule wa 1924 hakujua kuuliza, yule wa 1931 alikuwa na orodha ndefu. Rahisi hivyo.

#40 Msomi wa Usiku
Ingekuwa orodha tu, wangehama watu wa vijijini na kubaki wa mjini. Waliohama walikuwa wa mjini pia, Ng'ambo, ambako Bi Kirembwe kasema.

#41 Bi Kirembwe
Nami nina jambo la kuwaomba, tuache kubahatisha. Hati za eka tatu za baada ya Mapinduzi, ziliandikwa kabila la mpewa au jina tu? Mwenye ya babu yake nyumbani aitoe sandukuni atusomee. Tukizipata tatu nne za mashamba tofauti, tutajua watu walijibu nini mwaka ule jibu lilipokuwa na ardhi ndani yake.

#42 Mpemba Halisi
Ya kwetu ipo. Iko kwa ami. Ami hapokei simu yangu tangu lilipoanza suala la mirathi.

#43 Karata ya Moroni
Mtumie mkewe.

#44 Mpemba Halisi
Mkewe ndiye aliyeliuza shamba.